Muulizaji Asiyedai Mji

Tarehe 8 Februari 2022 alifariki dunia nyumbani kwake Richmond, kandokando ya mto Thames, mzee wa miaka 87 aliyeitwa Bamber Gascoigne. Magazeti ya Uingereza yalimwombolezea kwa kurasa nzima. Huku kwetu habari ile haikumgusa mtu, wala simlaumu yeyote, maana jina lenyewe hukwama kooni kama mwiba wa samaki, na kazi iliyompatia umaarufu, yaani kuwauliza wanachuo maswali ya chemsha bongo katika televisheni, wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kazi ya mtu mzima. Mimi nilipoisoma habari hiyo nilinyamaza kitambo. Nilionana naye mara moja tu, kwa muda usiozidi robo saa, miaka thelathini na tisa kabla ya kifo chake, nami nimekuwa nikimkumbuka zaidi kuliko wakubwa wengi niliokaa nao mikutanoni siku nzima.

Ili msomaji anielewe, inanipasa nieleze kwanza mchezo wenyewe ulikotoka.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1953 redio ya NBC ilianza kutangaza shindano la vyuo lililobuniwa na bwana mmoja aitwaye Don Reid, likaitwa College Bowl, na mwaka 1959 likahamia katika televisheni. Miaka hiyohiyo michezo ya maswali ya Marekani ilikuwa imechafuka vibaya. Ilibainika kwamba katika mchezo ulioitwa Twenty-One, ambao ulitoa fedha nyingi, baadhi ya washindani walikuwa wakipewa majibu kabla ya kuingia uwanjani. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Charles Van Doren, aliyekuwa kipenzi cha nchi nzima kwa jinsi alivyojikuna kichwa na kujifuta jasho kabla ya kujibu, alikiri mbele ya kamati ya Bunge lao mwezi Novemba 1959 kwamba jasho lile lilikuwa la maigizo. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kuwa mchezo wa maswali si mchezo mtupu. Watu walikasirika kama waliotapeliwa shamba. Kumbe mtu akikaa mbele ya redio au televisheni kumsikiliza mwenzake akiulizwa, naye huwa ameulizwa.

Kampuni ya televisheni ya Granada, iliyokuwa na studio zake katika mtaa wa Quay mjini Manchester, iliuchukua mchezo ule wa vyuo na kuupa jina la University Challenge. Ulionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 21 Septemba 1962. Timu ni mbili, kila moja ina wanachuo wanne. Muulizaji husoma swali la kufungulia lenye alama 10, na anayejua hubonyeza kengele yake akajibu peke yake, bila kunong'onezana na wenzake. Akipata, timu yake hupewa maswali matatu ya nyongeza, kila moja lina alama 5, na hapo wanaruhusiwa kushauriana. Anayemkatiza muulizaji kwa pupa kisha akakosa hupoteza alama 5. Saa ikiisha hulia upatu, basi, hata kama swali lilikuwa nusu. Ni mchezo rahisi kuueleza na mgumu kuucheza.

Muulizaji wao alikuwa kijana wa miaka 27, mwembamba, mwenye nywele za mawimbi na sauti ya mtu aliyelelewa katika nyumba yenye vitabu vingi. Alikuwa amesoma Eton, shule ambayo Waingereza hupeleka watoto wa wakubwa wao, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Akiwa na miaka 22 tu mchezo wake wa kuchekesha ulikwisha kuonyeshwa katika majumba ya maigizo ya London. Kwa ufupi, alikuwa mtu aliyezaliwa upande ule wa meza ambao maswali hutokea.

Nami mwaka huohuo wa 1962 ndipo nilipoingia kidato cha kwanza, upande ule mwingine wa meza.

Vijana wa leo hawawezi kujua Cambridge ilikuwa nini kwetu. Haikuwa mji wala chuo. Ilikuwa bahasha. Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ulitungwa huko, ukafungwa kwa lakiri, ukasafirishwa mpaka kwetu, ukafunguliwa mbele ya msimamizi asiyetabasamu, na majibu yetu yakafungwa tena na kurudishwa kulekule kusahihishwa. Miezi ikapita. Kisha ikaja orodha ya majina, na aliyekosekana katika orodha hakuambiwa alikosea wapi. Mimi nilifanya mtihani huo mwaka 1965. Baraza la Mitihani la Tanzania halikuanzishwa mpaka mwaka 1973, kwa hiyo rika langu lote lilipimwa na watu ambao hawakutuona wala hatukuwaona. Sisemi kwamba walitupima vibaya. Nasema kwamba tulijifunza kuliogopa swali kama mtu anavyoogopa hodi ya usiku.

Na baadhi ya walimu wetu walikuza hofu hiyo. Nilikuwa na mwenzangu mmoja darasani, sitamtaja, ambaye kwa akili alituzidi sote. Hesabu alizifanya kichwani tukiwa bado tunachonga penseli. Siku moja katika somo la historia aliulizwa swali akajibu jibu la ajabu kidogo, jibu la mtu anayefikiri, lakini halikuwa lile lililokuwamo katika kitabu cha mwalimu. Mwalimu alimsimamisha juu ya dawati akatuamuru tumcheke. Tukacheka, maana fimbo ilikuwa mezani. Tangu siku hiyo yule kijana hakuinua mkono tena katika somo lolote, na mwaka uliofuata hakurudi shule. Nilipokuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu nilikuwa nikimwona mbele yangu kila nilipokaa nyuma ya darasa kukagua mafunzo ya vitendo na kumsikia mwalimu mwanafunzi akisema, "Wewe! Kaa chini! Nani mwingine?" Maneno hayo manne au matano yameua vichwa vingi kuliko malaria.

Mwaka 1983 nilipata nafasi ya kwenda Manchester kwa kozi ya mwaka mmoja ya mambo ya elimu. Baridi, mvua na chakula vimekwisha kuandikwa na wengine, mimi naviruka. Bweni letu lilikuwa na chumba cha televisheni chenye viti vya plastiki na sigara nyingi, na humo tulikaa Wamalaysia, Wanaijeria, Wasudani, Waingereza wenyewe, na mimi niliyetoka bara ya nchi ambayo bado haikuwa na televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, lakini sisi wa bara tuliipata mwaka 1994. Basi kwangu kila kilichoonyeshwa kilikuwa kigeni, hata matangazo ya sabuni.

Jioni moja nikakikuta kipindi hiki. Mwanzoni niliona watu wanane wamepangwa juu na chini kama mayai katika trei, maana picha ilikatwa ikawekwa timu moja juu ya nyingine, nami kwa siku kadhaa niliamini kwamba kweli walikuwa wamekalia ghorofa mbili. Sikuwa peke yangu. Mwaka uliofuata, 1984, wachekeshaji wa kipindi cha The Young Ones waliufanyia mzaha mchezo huu, na katika mzaha wao timu ya juu ilikuwa juu kwelikweli. Muulizaji wa mzaha ule waliita jina lake Bambi.

Lakini kilichonikalisha pale si picha. Ni namna yule bwana alivyosema hapana.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwani ni jambo dogo. Kijana alibonyeza kengele, akataja jina la mfalme, akakosa. Mimi kwa mazoea ya maisha yangu yote nikajikunja kidogo kitini kungojea kitakachompata. Hakikumpata kitu. Muulizaji alisema hapana kwa sauti ya mtu aliyesikitika pamoja naye, akampa upande wa pili nafasi, kisha alipotoa jibu akaongeza maneno machache kueleza kwamba mfalme aliyetajwa alikuwa ndugu wa yule aliyetakiwa, na hivyo jibu lile halikuwa mbali. Basi, akaendelea. Ilichukua sekunde tano. Kijana aliyekosa alikuwa ameinua uso, na swali lililofuata alibonyeza tena.

Alibonyeza tena. Hilo ndilo nililoliandika katika daftari langu usiku ule, na daftari bado ninalo.

Nikaanza kuhudhuria kila kilipoonyeshwa, hata Wamalaysia wakanitania kwamba ni swala yangu ya sita. Nilichunguza kazi ya yule bwana kama fundi anavyochunguza kazi ya fundi mwenzake. Aliposema kwamba itambidi awaharakishe, neno alilojulikana nalo nchi nzima, alilisema kama mwenyeji anayewakumbusha wageni kwamba basi la mwisho linaondoka. Timu ilipokuwa imeachwa nyuma kwa alama mia mbili hakuwahurumia kwa namna ya kuwadhalilisha, na mwisho alipata neno la kweli la kuwasifia. Alikuwa na kadi zenye majibu mkononi, kama waulizaji wote. Tofauti ni kwamba hakujifanya kuwa majibu yale ni mali yake.

Bawabu wa bweni letu, mtu wa Manchester aliyeipenda sana habari ya mji wake, ndiye aliyenisimulia kisa cha mwaka 1975. Mwaka huo timu ya Chuo Kikuu cha Manchester iliingia studio ikiwa imeazimia kufanya mgomo. Kila swali walilijibu kwa jina la mwanamapinduzi: Marx, Lenin, Trotsky, Che Guevara. Ukiuliza mto gani, Trotsky. Ukiuliza mtunzi gani wa muziki, Lenin. Haikuwa utoto mtupu. Kila koleji ya Oxford na Cambridge iliruhusiwa kuleta timu yake, hali Manchester nzima, yenye maelfu ya wanachuo, ilihesabiwa kama koleji moja. Mmoja wa vijana wale, David Aaronovitch, baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa magazeti.

Bawabu alicheka mpaka machozi aliponisimulia, nami nilicheka, lakini baadaye kitandani nilikiwaza kisa kile kwa makini zaidi. Vijana wale walikuwa wamegundua jambo ambalo sisi wa bahasha za Cambridge tulilihisi bila kulitaja. Mwenye haki ya kuuliza ndiye mwenye nguvu, na ukitaka kumwondolea nguvu hiyo, usijibu vibaya wala vizuri, jibu jambo jingine kabisa. Sisi hatukuthubutu. Ningeandika Nkrumah katika kila swali la mtihani wa 1965, leo ningekuwa nauza nazi. Upande wangu katika ugomvi ule ulikuwa pamoja na vijana wa Manchester, na bado uko hapo. Ila niliona pia kwamba hasira yao ilikuwa juu ya utaratibu. Kuhusu mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuuliza sikupata kusikia neno baya, hata kwa bawabu, ambaye alikuwa na maneno mabaya juu ya watu wengi.

Kuonana naye kulitokea kwa bahati tu. Kijana mmoja tuliyekaa naye bweni moja alichaguliwa kuwa mchezaji wa akiba wa timu yake, yule anayesafiri pamoja na wenzake na kuomba kimoyomoyo mmoja wao augue tumbo. Aliruhusiwa kuleta wageni. Alikuwa hana ndugu karibu, akanialika mimi, labda kwa sababu nilikuwa mtu mzima mwenye suti.

Studio ilikuwa ndogo kuliko nilivyoitarajia na yenye joto kuliko mahali popote nilipopata kukaa nchini humo, kwa ajili ya taa. Timu hazikukaa ghorofa mbili. Zilikaa sambamba, meza mbili za mbao, na muulizaji upande wa pili akizitazama. Walirekodi zaidi ya pambano moja siku ile. Katikati ya mapambano niliona jambo ambalo halionekani katika televisheni: wakati mafundi wakirekebisha taa, yule bwana hakuondoka kwenda kunywa chai peke yake. Alibaki akizungumza na vijana, hasa na mmoja aliyekuwa akitetemeka mikono.

Baadaye tukapewa chai na mikate katika chumba cha pembeni. Mimi nilisimama karibu na ukuta, mahali ambapo mgeni husimama. Akaja akipita kusalimia, akanifikia, akanipa mkono, akauliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania. Kwa kawaida mazungumzo ya namna hii huishia kwenye Mlima Kilimanjaro au tembo, kisha mtu huona rafiki yake upande wa pili wa chumba. Yeye hakumwona rafiki yake. Aliuliza kama kwetu tuna mashindano ya namna hii.

Nikamwambia kwamba tunayo ya redioni, lakini yetu hasa ni ya usiku, nje, baada ya chakula, nayo ni ya zamani kuliko redio. Nikamweleza kitendawili. Nikamwambia kwamba mtegaji hutangaza kwanza, na waliokaa humjibu "Tega!" Akataka kujua neno hilo lina maana gani. Nikamwambia ndilo neno tunalolitumia kwa mtego wa ndege au wa panya. Alicheka, akageuka akaitazama meza yake ya studio kupitia mlango uliokuwa wazi.

Halafu akauliza swali ambalo hakuna Mzungu aliyewahi kuniuliza, wala Mwafrika, kwa kuwa Mwafrika analijua jibu: wote wakishindwa, inakuwaje?

Nikamwambia kwamba hapo mtegaji hudai mji. Nipeni mji, husema, na walioshindwa hawana budi kumpa. Wakimpa kijiji cha jirani hukataa. Wakimpa Tanga atafikiri. Wakimpa Mombasa huenda akakubali, na akikubali huwasimulia jinsi alivyokwenda katika mji huo akatandikiwa mazulia, akalishwa pilau, na jinsi wao walioshindwa walivyokuwa wakimtazama kwa mbali. Ndipo hutoa jibu. Nikamweleza kwamba bibi yangu, mwanamke wa Pangani asiyejua kusoma, aliwahi kwa usiku mmoja kuimiliki pwani yote kutoka Lamu hadi Kilwa, na asubuhi yake akaenda kuteka maji kama kawaida.

Hapo yule bwana alisahau chai yake. Maswali yakamtoka moja baada ya jingine. Je, mtu anaweza kutoa mji usio wake? Nikasema hiyo ndiyo desturi. Je, mji uliokwisha kutolewa unaweza kutolewa tena? Nikasema mji haupungui kwa kutolewa. Je, London imewahi kutolewa? Nikamwambia kwamba wakati wa utoto wangu tuliitoa mara nyingi, tena kwa roho nyeupe kabisa. Alicheka kwa sauti, na watu wakageuka. Mwishowe aliuliza, safari hii taratibu, kama walioshindwa huona aibu wakati mtegaji anapoisimulia ile karamu.

Sikuwa na jibu la haraka. Nililifikiri, naye alisubiri. Hakuniharakisha, na hilo lilinichekesha moyoni. Nikamwambia kwamba aibu ipo, lakini ni ya kuchekwa pamoja na ndugu, na kabla ya usiku kwisha kila mtu atakuwa amewahi kutega na kutegwa, kwa hiyo miji huzunguka. Shuleni, nikamwambia, miji haizunguki. Mwalimu huichukua yote akaondoka nayo.

Akatikisa kichwa, akanishukuru, akaitwa na watu wake, akaenda. Ndiyo yote. Hatukuandikiana barua, wala sidhani kwamba alilikumbuka jina langu. Lakini nilipokuwa kwenye basi nikirudi bwenini niligundua kitu kilichokuwa kimenifurahisha kiasi kile. Mtu huyu ambaye kazi yake kwa miaka ishirini na mmoja ilikuwa kuuliza maswali yenye majibu mkononi alikuwa amenisimamisha ukutani akaniuliza maswali matano au sita ambayo hakuwa na kadi yake. Katika maisha yangu nilikuwa nimeulizwa maelfu ya maswali na wasomi. Yasiyokuwa na kadi yalikuwa machache mno.

Mwaka 1984 taji la mchezo lilichukuliwa na Open University, chuo cha watu wazima ambao wakati ule walisoma nyumbani kwa posta na kwa vipindi vya televisheni na redio, baada ya kazi na baada ya kulaza watoto. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani. Niliposikia nilifurahi kama ushindi wetu. Gascoigne aliendelea mpaka kipindi kilipofungwa tarehe 31 Desemba 1987, yaani miaka ishirini na mitano. BBC ilikifufua mwaka 1994 na kumpa Jeremy Paxman, mwandishi wa habari aliyesifika kwa kuwabana mawaziri, naye akawabana wanachuo vilevile. Wapo waliompenda kwa hilo. Mimi nilipoona vipindi vyake baadaye nilijikunja tena kitini kama zamani. Tangu mwaka 2023 kiti kile amekikalia Amol Rajan, mzaliwa wa India, jambo ambalo katika ule ukumbi wetu wa viti vya plastiki lingepigiwa makofi.

Kuhusu Gascoigne mwenyewe, televisheni ilikuwa sehemu tu ya kazi yake. Alipenda historia kuliko kitu kingine. Mwaka 1971 alitoa kitabu juu ya wafalme wa Moghul wa India, chenye picha zilizopigwa na mkewe, Christina, na mwaka 1977 alitengeneza vipindi kumi na vitatu vya historia ya Wakristo. Baadaye alianzisha HistoryWorld, mkusanyiko wa masimulizi ya historia ya dunia nzima katika intaneti. Kisha mwaka 2014, akiwa mzee wa karibu miaka 80, likamfikia jambo la hadithini. Shangazi wa familia yao, aliyewahi kuwa mke wa Mtawala wa Roxburghe, alifariki akiwa na miaka 99 akamwachia West Horsley Place, jumba la kale la vyumba hamsini katika mkoa wa Surrey, lenye paa linalovuja. Angeweza kuliuza akapumzika. Yeye na mkewe waliuza vyombo vya ndani kwa mnada ili kulitengeneza, wakaliweka chini ya taasisi ya hisani, na mwaka 2017 jumba la opera likafunguliwa ndani ya msitu wake. Kwa maneno mengine, alipewa mji mkubwa kuliko miji yote aliyoisikia kwangu, naye akautoa.

Mimi nilirudi chuoni kwangu nikiwa na mabuku manane, koti zito lisilo na kazi, na mchezo. Hatukuwa na kengele za umeme. Upande mmoja uligonga kopo la maziwa kwa kijiko, upande wa pili ukagonga sufuria, ili nijue nani ametangulia. Maswali waliyatunga wanachuo wenyewe: juu ya mikataba ya wakoloni, magonjwa ya mahindi, sarufi ya Kiswahili. Sheria niliyoiweka ilikuwa moja tu ya ziada. Atakayesoma swali, jibu likiwa kosa, lazima kwanza aeleze mwenzake alipitia njia gani mpaka akafika hapo; akishindwa kueleza, alama zinakwenda kwa aliyekosa. Ilikuwa sheria ngumu. Ililazimu muulizaji ajue zaidi ya kadi yake, na wengi waliichukia mwanzoni, wakisema kwamba shuleni wataambiwa wanapoteza wakati. Wengine, najua, waliitupa siku ileile walipopata cheti. Sikuweza kuwafuata kila mmoja darasani kwake.

Na pale ambapo pande zote mbili zilishindwa, sikuwa na haja ya kuwafundisha la kufanya. Ukumbi mzima ulipiga kelele ya "Mji! Mji!" kabla sijafumbua mdomo. Walitoa Dodoma, walitoa Bukoba, walitoa Ujiji. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Rufiji, mpole sana, ambaye leo ni mwalimu mkuu mstaafu. Yeye kila ilipofika zamu ya upande wake alisimama, akainama kwa adabu kuelekea kwangu, akatoa Manchester.